Kutengeneza Sabuni ya Nta na Asali: Mwongozo kwa Mfugaji Nyuki wa Kanda ya Kati

Mfugaji nyuki anapomaliza kukamua asali yake, awe amerina Manyoni, Chemba au katika vichaka vya Bahi, hubaki na rundo la masega ambalo kwa kawaida hutupwa jalalani au hukaa kwenye gunia hadi nondo wa nta walimalize. Masega hayo ni mtaji wa sabuni nzuri, ila kuna jambo moja la kuelewa kabla ya kununua chochote: sabuni hutokana na mafuta na kostiki soda (kemikali kali inayoyageuza mafuta kuwa sabuni), na nta na asali huingia kama viungo tu, kwa kiasi kidogo. Mimi nilianza kwa imani tofauti. Katika kilo moja ya mafuta nilitia gramu 150 za nta, nikiamini kwamba kadiri nta inavyozidi ndivyo sabuni inavyokuwa bora, na nilichopata ni mche mgumu uliokataa kutoa povu hata kwa maji ya mvua. Sehemu kubwa ya nta haigeuki kuwa sabuni hata ikikutana na kostiki. Hubaki nta ileile ndani ya mche, ikiuimarisha inapokuwa kidogo na kulizuia povu inapokuwa nyingi. Gramu 20 kwa kilo moja ya mafuta zinatosha kabisa.

Kazi ya kwanza ni kusafisha nta. Loweka masega usiku kucha ili asali iliyosalia itoke, na maji hayo matamu usiyamwage karibu na mizinga, kwa sababu huvuta nyuki wa makundi mengine na kuzusha uporaji. Kisha yafunge masega katika kitambaa chepesi cha pamba pamoja na jiwe safi la kuyazamisha, uyaweke ndani ya sufuria ya maji juu ya moto mdogo. Nta huyeyuka katika nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi, kwa hiyo hakuna haja ya kuyachemsha maji hadi yatokote. Bonyeza furushi kwa mwiko mpaka uone nta ikielea juu kama mafuta ya mchuzi, epua, na uiache hadi asubuhi. Utakuta sahani ya manjano imeganda juu ya maji, na chini yake tabaka laini la uchafu wa kahawia, ambalo hukwanguliwa kwa kisu. Rudia mara ya pili ikiwa bado ina weusi. Epuka chombo cha chuma chenye kutu, kwa kuwa hubadilisha rangi ya nta, na usiyeyushe nta peke yake juu ya moto bila maji, maana hushika moto haraka sana.

Sufuria ya alumini inafaa kwa kazi hiyo ya nta, lakini isikaribie kostiki kamwe. Nalisisitiza hili kwa sababu sufuria nyingi za majumbani kwetu ni za alumini. Kostiki huila alumini mbele ya macho yako: sufuria huchemka bila moto, hugeuka nyeusi na kutoa gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka. Tumia ndoo ya plastiki ngumu, au chombo cha chuma cha pua. Vilevile, glavu za ngozi tunazovaa wakati wa kurina hazikingi mkono hapa, kwa kuwa kostiki huila ngozi, na kofia ya wavu haizuii tone kufika jichoni. Vaa glavu za mpira, miwani ya kinga na nguo ya mikono mirefu. Kostiki ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Usipake siki wala ndimu juu ya ngozi iliyoungua, na ikiwa imeingia jichoni, endelea kuosha kisha nenda hospitali bila kuchelewa. Kostiki isihifadhiwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa hata kwa saa moja. Mtoto akiimeza, asilazimishwe kutapika, awahishwe hospitali.

Unaponunua, hakikisha muuzaji anakupa kostiki soda na wala si magadi soda, ambayo ni kitu kingine na haitageuza mafuta kuwa mche. Iangalie pia kama imekauka. Niliwahi kuuziwa dukani kostiki iliyokwisha kunyonya unyevu na kushikamana mabonge. Nguvu yake ilikuwa imepungua, na sabuni yangu ikabaki laini kama siagi kwa wiki nzima.

Maji nayo yana shida yake mahali petu. Visima vingi vya Dodoma hutoa maji ya chumvi, na madini yaliyomo hushikana na sabuni yakaacha utando mweupe na kupunguza povu. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi baada ya mvua kadhaa za kwanza, yakachujwa vizuri, ndiyo bora. Maji ya betri yasitumike, kwa kuwa baadhi ya yanayouzwa kwa jina hilo yana tindikali.

Kwa mara ya kwanza, pima gramu 400 za mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa na kuchujwa, gramu 280 za mafuta ya nazi, gramu 300 za mafuta ya alizeti na gramu 20 za nta. Kiasi hicho kinahitaji gramu 141 za kostiki na gramu 300 za maji, na asilimia 5 hivi ya mafuta itabaki bila kugeuzwa ili sabuni isikaushe ngozi. Alizeti tunayo tele Singida na Kongwa, na kishawishi cha kuitumia peke yake ni kikubwa, lakini ikizidi hutoa mche laini unaowahi kuchacha. Vipimo hivi vyote ni vya uzito, kwa mizani ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa gramu 920 hivi, kwa hiyo anayepima kwa lita au kikombe atakosea. Ukibadilisha mafuta, piga hesabu upya: gramu moja ya mafuta ya nazi huhitaji gramu 0.183 za kostiki, ilhali ya alizeti huhitaji 0.134.

Fanya kazi nje, asubuhi mapema kabla upepo wa Dodoma haujaamka, kwa sababu vumbi la kostiki likipeperushwa huingia puani na machoni. Tenga kwanza vijiko viwili vya maji kwa ajili ya asali, kisha mimina kostiki ndani ya maji yaliyobaki kidogo kidogo huku ukikoroga. Usimimine maji juu ya kostiki, kwani huchemka ghafla na kuruka. Maji yatapata moto sana yenyewe. Wakati yanapoa, yeyusha mafuta pamoja na nta, kisha unganisha vyote viwili vikiwa karibu na nyuzi joto 50 hadi 55, kwa kuwa chini ya hapo nta huanza kuganda pembeni. Koroga kwa mwiko bila kukata tamaa, nusu saa au zaidi, mpaka mchanganyiko uwe mzito kama uji na mchirizi unaodondoka kutoka kwenye mwiko ubaki ukionekana juu yake kwa muda.

Hapo ndipo asali inapoingia: kijiko kimoja cha chakula, kikiwa kimeyeyushwa katika vijiko viwili vya maji uliyoyatenga kutoka katika zile gramu 300. Ukiitia mapema ndani ya maji ya kostiki, sukari huungua na kutoa harufu mbaya. Asali ya nyuki wadogo wasiouma usiipoteze humu. Bei yake ni kubwa, na ndani ya sabuni haitofautiani na nyingine.

Mimina katika kisanduku cha mbao kilichotandikwa plastiki. Miongozo mingi iliyoandikwa katika nchi za baridi huagiza kisanduku kifunikwe blanketi, lakini asali huongeza joto, na kwa jua letu sabuni hupasuka katikati au kufura. Iache wazi kivulini. Baada ya siku moja au mbili, ukiwa bado na glavu, kata vipande na uvipange kwenye kichanja chenye hewa, visigusane, kwa wiki 4 hadi 6. Kuanzia Mei hadi Novemba hewa kavu ya huku husaidia sana. Masika yakiingia, sabuni hutoa jasho, hivyo isogeze ndani na uongeze wiki mbili.

Kabla ya kuiuza, nenda ofisi za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, upate barua ya utambulisho ya mjasiriamali mdogo, kisha uombe alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania. Kwenye lebo andika mafuta yote uliyotumia, uzito na tarehe ya kukata, wala usiandike kwamba sabuni inatibu vidonda kwa sababu ina asali.