Kumsaidia manusura wa usafirishaji haramu wa binadamu kijijini: hatua kwa hatua

Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa na watu wa mjini kwa ajili ya watu wa mjini. Inakuambia umpeleke manusura kwenye nyumba salama, umtafutie mkalimani, umpangie mshauri nasaha kila wiki. Sawa. Lakini wewe uko mahali ambapo gari linapita mara mbili kwa wiki, zahanati ina muuguzi mmoja, na muuguzi huyo ameolewa na kaka wa dalali, yule yule anayewatoa watu kijijini kwa ahadi ya kazi.

Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii katika maeneo ya namna hiyo. Kesi nilizoziona zikiharibika hazikuharibika kwa kukosa watu wenye huruma. Ziliharibika kwa sababu siri ilivuja. Ndiyo maana hatua hizi zinazunguka swali moja: mtu huyu atapataje msaada bila kijiji kizima kujua anasaidiwa nini?

Hatua ya 1: Andaa daftari kabla mtu hajaja

Orodhesha kila anayeweza kusaidia: muuguzi, daktari wa karibu, polisi, wakili au msaidizi wa kisheria, mwalimu, mwenye gari. Andika umbali kwa saa za safari, si kwa kilomita, maana kilomita 40 za kiangazi si kilomita 40 za wakati wa mvua. Andika simu yake inapatikana saa ngapi, na nani anamshikia kazi akiwa likizo. Kisha weka safu ambayo haimo katika fomu yoyote niliyowahi kupewa: huyu ni ndugu wa nani?

Safu hiyo niliiongeza baada ya kuungua. Nilimtuma binti mmoja zahanati na barua ya rufaa iliyoeleza kila kitu, tena kwa mwandiko mzuri. Aliyeipokea mlangoni alikuwa mpwa wa mwanamke aliyempeleka binti yule "kazini". Jua halijazama, mama yake binti alishaletewa salamu: mwambie mwanao apunguze mdomo. Siku hizi barua yangu ina mistari miwili tu, huduma inayotakiwa na jina langu. Mengine namwambia mtoa huduma ana kwa ana, na kile tu anachohitaji kujua.

Hatua ya 2: Tafuta sababu ya kuonekana pamoja

Kijijini hakuna kikao cha faragha kisichoonekana. Ukienda kwake na gari lenye nembo, umeshamtangaza. Mkutane mahali ambapo kila mtu ana sababu ya kuwepo: siku ya chanjo, kikao cha wazazi shuleni, mgao wa mbegu. Chumba kiwe na mlango unaofungwa, naye akae upande ulio karibu na mlango.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2003 kuhusu kuwahoji wanawake waliosafirishwa unaanza na kanuni ya kutodhuru: chukulia kwamba hatari ni kubwa kabisa mpaka upate ushahidi wa kinyume. Kwa hiyo maswali yangu ya kwanza huwa matatu. "Dada, hapa tulipo uko huru kuongea? Kuna mahali panakuuma? Kuna mtu anayekusubiri au anayejua uko hapa?" Habari za nani alimchukua na walipita njia gani siulizi. Akitaka kusimulia, nasikiliza. Asipotaka, tunaongelea usingizi.

Kabla hajasema lolote zito, mweleze mipaka ya usiri wako. Kama sheria inakulazimisha kutoa taarifa anapohusika mtoto, au maisha yanapokuwa hatarini, alijue hilo mapema, si baada ya kukufungulia moyo. Na usiahidi kitu ambacho daftari lako halina.

Mkalimani akihitajika, atoke mbali. Mpe manusura nafasi ya kusikia sauti yake kwenye simu kwanza, bila kutaja jina, aseme kama anamfahamu. Ndugu hatafsiri kamwe, hata awe amesoma vipi.

Hatua ya 3: Mwili una saa zake

Hapa umbali unaua. Kama amebakwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze haraka iwezekanavyo na zisipite saa 72, kisha zinywewe siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina nafasi hadi saa 120, ila kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Sasa piga hesabu: tukio la juzi usiku, gari la kesho kutwa. Umeshachelewa. Ndiyo sababu mwenye gari anaandikwa daftarini kabla ya wakili.

Matibabu hayapaswi kusubiri karatasi ya polisi. Mtoa huduma akimrudisha kwa sababu hiyo, nenda naye mwenyewe, ukazungumze na mkubwa wake. Nguo za tukio, kama anataka kuzihifadhi, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Plastiki inashika unyevu na kuozesha ushahidi.

Usimtazame kama aliyebakwa tu. Wengi, na wanaume hasa, wamesafirishwa kwenda mashambani, migodini, kwenye boti za uvuvi, majumbani mwa watu. Tazama mikono, mgongo, meno, ngozi iliyoungua kwa kemikali, kikohozi kisichoisha. Muulize pia, waziwazi, kama amewahi kuwaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, na mara nyingi wewe ndiye mtu wa kwanza kumuuliza.

Hatua ya 4: Mpango wa usalama, kuanzia kwenye simu

Mara nyingi aliyemsafirisha si mgeni. Ni shangazi, jirani, mtu aliyesema atamsomesha. Anajua nyumba, njia ya kisimani, na siku ambazo baba hayupo. Kaeni chini mchore: nani anajua karudi, alale wapi ikibidi kutoka usiku, mlango gani atagonga wa kwanza.

Kisha simu. Je, alipewa na mwajiri? Kuna mtu mwingine anayejua nywila yake? Inaonyesha alipo? Na swali ambalo watu wa mjini hawalifikirii: inachajiwa wapi? Ikishinda kwa jirani mwenye sola, jirani ndiye anayesoma ujumbe wako. Namba yangu huhifadhiwa kwenye simu yake kwa jina la kawaida, na ujumbe wangu huwa wa mambo ya kawaida. Na manusura mmoja tulikubaliana hivi: "mbegu zimefika?" maana yake ni unaweza kuongea. Akijibu "bado", nanyamaza. Akijibu "zimeoza", nakuja na mtu.

Hatua ya 5: Jua sheria inamwitaje, bila kumbandika jina

Itifaki ya Palermo, yaani makubaliano ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, iliyopitishwa mwaka 2000 na kuanza kutumika 2003, inatazama mambo matatu: tendo (kumtafuta, kumsafirisha, kumhamisha, kumpokea au kumhifadhi mtu), njia (nguvu, vitisho, ulaghai, kutumia vibaya unyonge wake) na lengo, ambalo ni unyonyaji. Njia hizo zikitumika, hoja ya kwamba "alikubali mwenyewe" haina uzito. Kwa aliye chini ya miaka 18, njia hazihitaji kuthibitishwa kabisa. Katika sheria za nchi nyingi si lazima awe amevuka mpaka; anaweza kuwa amepelekwa kijiji cha pili.

Yeye lakini huenda asijiite mhanga. Atasema alifanya kazi mbaya, au alipata bosi mbaya. Tumia maneno yake. Neno la kisheria liweke kwenye faili, umweleze linamfungulia mlango gani.

Simulizi ikipishana tarehe au majina, usimkamate kama mwongo. Kiwewe huvuruga mpangilio wa kumbukumbu. Mtu anaweza kukumbuka rangi ya pazia na asikumbuke mwezi.

Hatua ya 6: Polisi ni uamuzi wake

Ukiondoa ile mipaka ya usiri uliyomweleza mwanzoni, mtu mzima ndiye anayeamua kushtaki au kutoshtaki, na msaada haupaswi kutegemea jibu lake. Mpe muda. Mkataba wa Baraza la Ulaya wa mwaka 2005 dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, kwa mfano, unawapa manusura wa kigeni angalau siku 30 za kupumua kabla ya kuamua kama watashirikiana na wapelelezi. Wakati huo atunze tiketi, picha na jumbe, ikiwezekana nje ya nyumba yake. Kama alivunja sheria kwa kulazimishwa, mfano kusafiri na hati bandia, atafute wakili kabla ya kutoa maelezo.

Hatua ya 7: Jibu la mlangoni, na deni

Kurudi nyumbani kunaweza kuwa kugumu kuliko kutoroka. Kijana mmoja (nimebadilisha maelezo) alirudi usiku, akakaa ndani wiki tatu. Hakuwa akimwogopa dalali. Alikuwa akiogopa swali la majirani: umetuletea nini? Familia ilikuwa imekopa nauli yake, na mkopeshaji alikuwa anapita mbele ya nyumba kila jioni, akikohoa.

Tulitengeneza jibu la mlangoni, fupi na lisilo la uongo: "Kazi ilikuwa ngumu, nimerudi kupumzika." Tukalirudia mpaka likatoka bila sauti kutetemeka. Kuhusu deni, nilikaa na baba yake tukaandika nani anadai nini, kwa riba gani, na lipi kati ya hayo ni dai la dalali mwenyewe, ambalo halilipwi bali linapelekwa kwa wakili. Baba alihitaji kikao hicho kuliko mwanawe.

Kuhusu kipato, naomba tuache mazoea ya kumpa kila mtu cherehani. Muulize anajua nini tayari. Na asiingizwe kwenye mradi wenye bango la "manusura". Aingie kwenye kikundi cha kawaida cha akiba au kilimo, pamoja na wengine wasio na habari.

Hatua ya 8: Endelea kurudi

Miezi ya kwanza nenda kila gari linapokuruhusu, kisha punguza polepole. Mawakala wapya huwafuata walewale waliokwama kifedha, kwa hiyo kila ziara uliza, bila kuhukumu: "Kuna aliyekuja na habari za kazi?" Rekodi zako ziwe na namba badala ya majina, na ufunguo wa namba hizo ukae mahali pengine, si kwenye begi unaloliacha ndani ya gari. Tarehe ya ziara inayofuata mimi huiandika kwa penseli nyuma ya kadi yake ya kliniki, tarakimu peke yake, bila jina langu wala lake.