Jinsi ya kusoma simulizi ya mtumwa kikundini, Biblia ikiwa mezani

Nilifundisha fasihi miaka mingi, na siku hizi kila Alhamisi jioni nasoma vitabu na wanakwaya wenzangu hapa Morogoro. Zamani darasani nilikuwa nasoma kipande cha viboko, wanafunzi wanalia, kengele inagonga, nami naamini somo limeingia. Nilikosea. Waandishi hawa, watu waliotoka utumwani wakaandika maisha yao wenyewe, walitaka zaidi ya machozi.

Kwanza jueni kitabu kiliandikiwa nani. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani Marekani, alipotoa simulizi yake Boston mwaka 1845, aliwalenga hasa weupe wa majimbo ya kaskazini ya Marekani, watu wa ibada wanaoijua Biblia vizuri. Kwa hiyo Biblia iwepo mezani, na kila mtu ashike penseli.

Sura ya kwanza isomwe kwa sauti, pole pole. Mama yake, akishamaliza kazi ya shamba, alitembea maili 12 usiku ili alale kando ya mwanawe, na mtoto akiamka mama keshaondoka. Alipofariki, mtoto alikuwa na miaka kama 7, na anasema aliipokea habari ile kama msiba wa mtu baki. Mama mmoja kikundini alichukia: "Mwalimu, mtoto gani huyu asiye na uchungu?" Tukairudia aya. Ndipo tukaona kuwa utumwa ulimnyang'anya hata kumlilia mama yake, na kilio kile ametuachia sisi. Pigieni mstari kila mahali anapojizuia namna hii. Huruma ya msomaji inaingilia hapo, kuliko hata kwenye damu.

Kisha tafuteni maandiko. Agosti 1832 bwana wake, Thomas Auld, alikwenda makambi ya Wamethodisti, yaani mkutano wao wa mahubiri, akaokoka. Douglass alitumaini moyo wake utalainika. Ukawa mgumu zaidi. Alimchapa msichana mlemavu huku akitaja neno la Luka 12:47, la mtumwa aliyejua mapenzi ya bwana wake asiyatende. Ifungueni hapo hapo, halafu msome Mathayo 7:12, la kuwatendea watu yale mnayotaka mtendewe. Kiongozi usikimbilie kufafanua. Acha watu wakae na aya hizo mbili. Olaudah Equiano, Mwafrika aliyekuwa mtumwa, katika kitabu chake cha mwaka 1789, alitumia neno hilo hilo la Mathayo kuwauliza Wakristo wa jina: haya mmejifunza kwa Mungu wenu?

Atatokea mtu wa kusema Douglass anaipiga vita dini. Mpelekeni kwenye kiambatisho mwishoni mwa kitabu, anapotenga Ukristo wa nchi ile na Ukristo wa Kristo, kisha anawasomea wachungaji wenye watumwa ole za Mathayo 23, Yesu anapowakemea wanafiki. Kwangu mimi hizo ndizo kurasa zenye nguvu kuliko zote. Zipeni jioni nzima.

Harriet Jacobs, mwanamke aliyetoroka utumwani Marekani, awe wa mwisho. Kitabu chake cha 1861 kinazungumza na wanawake wa kaskazini, na kinawagusa kwa umama. Akimkwepa bwana wake, alijificha karibu miaka 7 darini kwa bibi yake, akiwachungulia watoto wake kupitia tundu bila kuweza kuwaita. Chukueni chaki, mchore sakafuni ukubwa wa dari lile, futi 9 kwa 7, mfunge kamba juu yake kwa kimo cha futi 3. Mmoja wenu aingie chini ya kamba, asome sura ya maficho hayo akiwa humo.