Kabla ya kulipia nyumba yenye hati, fanya upekuzi

Ndugu zangu mnaonunua nyumba Tanzania, kuonyeshwa hati miliki hakutoshi, hata kama ni halisi. Chukua namba ya hati na uombe upekuzi, yaani ukaguzi wa kumbukumbu za hati hiyo, kwa Msajili wa Hati, ofisa wa serikali anayesajili umiliki wa ardhi. Majibu yatakuonyesha mmiliki aliyesajiliwa, na kama kuna rehani ya benki au zuio lililowekwa na mtu mwingine. Ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya nyumba. Fanya hivyo kabla ya kutoa hata hela ya kishika uchumba, dalali akuharakishe asikuharakishe.

Swali la pili: muuzaji ana mwenza? Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinazuia kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mume au mke, hata kama hati ina jina moja tu. Ridhaa hiyo iwe ya maandishi, tena asaini mwenyewe mbele ya wakili. Kesi nyingi zinaanzia hapa.

Muhuri wa serikali ya mtaa hauhamishi umiliki. Uhamisho lazima usajiliwe kwa Msajili.