Somo: Maji ya mvua ya kunywa kwenye uwanja wa nyumba nyingi, Arusha

Ndugu wanachama, somo la leo ni kwa wale wanaoishi nyumba kadhaa ndani ya uwanja mmoja upande huu wa Mlima Meru: Usa River, Maji ya Chai, King'ori, Ngaramtoni, Oldonyosambu. Maji mengi ya huku yana floraidi (madini yanayoyeyuka majini) kupita kiasi, kwa sababu yanapita kwenye miamba ya volkano. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi ilivumilia hadi 4, na bado viko vyanzo vinavyozidi hapo. Matokeo tunayaona mtoto akicheka: meno ya kahawia, mengine yamechimbika. Kwa wengine inafika kwenye mifupa, miguu inapinda.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki ileile, kwa hiyo kila lita inabeba zaidi. Mvua ndiyo karibu haina kabisa, na inatunyeshea bure. Shida ni kwamba haitoshi kazi zote. Nimeona viwanja vinachanga, tangi linawekwa, watu wanafulia na kuoshea pikipiki, ikifika Agosti limekauka na majirani hawasemeshani. Kwa hiyo kabla hamjanunua hata koki moja, kaeni kikao mkubaliane kwamba maji ya tangi ni ya mdomoni tu: kunywa, chai, uji na kupikia. Kufua, kuoga na kunyweshea mifugo kuendelee na maji ya bomba au kisima.

Hatua ya 1: hesabuni watu, msihesabu nyumba. Mtu mmoja mpangieni lita 5 kwa siku. Uwanja wa nyumba 6 zenye watu 30 unahitaji lita 150 kwa siku. Kiangazi kirefu, Juni hadi Oktoba, ni kama siku 150, yaani lita 22,500. Matangi mawili ya lita 10,000 na moja la 5,000 yanatosha na kubakiza akiba kidogo.

Hatua ya 2: chagueni paa. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba inatoa lita 1. Toeni moja ya tano kwa ajili ya yanayorukia nje na yanayokaukia kwenye bati. Paa la mita 120 za mraba, masika ikileta milimita 400, linawapa lita 38,400. Pimeni eneo la ardhi lililofunikwa na paa, sio mwinamo wa bati. Mnaona wenyewe kwamba hamhitaji mapaa yote sita. Tumieni moja au mawili yaliyo safi, mbali na mparachichi na miti wanayolala ndege.

Hatua ya 3: gata (mfereji wa pembeni mwa paa unaokinga maji) na maji ya kwanza. Hapa naomba msiharakishe. Gata ishuke sentimita 1 kwa kila mita kuelekea tangini, na ishikiliwe vizuri isibonyee katikati, maana maji yakituama mbu wanazaliana. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi inaosha vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Maji hayo ni mekundu, ukiyakinga kwenye bilauri huoni upande wa pili. Yasiingie tangini. Kwa paa la mita 120 tengeni lita 60 za mwanzo: wekeni tii (kiungo cha bomba chenye matawi matatu) kwenye bomba linaloshuka, tawi la chini liingie kwenye pipa la lita 60 lililofungwa vizuri. Pipa likijaa, maji yanayofuata yanapita juu kwenda tangini. Chini ya pipa wekeni koki ndogo iliyolegezwa, idondoshe taratibu ili pipa liwe tupu kabla ya mvua nyingine.

Hatua ya 4: tangi likae kivulini juu ya msingi wa mawe na saruji. Koki iwe juu kidogo ya sakafu ya tangi, tope lisitoke. Mfuniko na wavu wa mbu kwenye kila tundu, basi.

Hatua ya 5: kugawa. Kule Kilimanjaro Wachagga wamegawana maji ya mifongo, yaani mifereji ya asili ya kumwagilia, kwa zamu vizazi na vizazi, na asiyefika kusafisha mfongo anatozwa faini. Nasi tunahitaji utaratibu wa namna hiyo. Funguo zikae kwa watu wawili wa nyumba tofauti, koki ifunguliwe asubuhi tu. Nyumba ya watu watano inachota ndoo moja ya lita 20 na dumu la lita 5. Bibi mwenye wajukuu wanne apewe ya watu watano hata kama mchango wake ulikuwa mdogo kuliko wa wengine. Hili nalisimamia kwa moyo wote, kwa sababu wajukuu hao ndio meno yao yanaota sasa. Maji yakishuka kabla ya vuli, wapunguziwe watu wazima, watoto walio chini ya miaka 8 wasiguswe.

MASWALI YA WANACHAMA

Ngaramtoni: Shikamoo mama. Bati letu ni la zamani, lina kutu kidogo. Linafaa?

Marahaba mwanangu. Kutu kidogo inaharibu rangi na ladha tu, linafaa. Msivune kwenye paa la asbestosi wala la nyasi, na muwe macho na rangi za zamani zenye madini ya risasi.

Usa River: Kama mvua haina floraidi, tunywe moja kwa moja?

Hapana. Vijidudu vya kinyesi cha ndege vipo hata ukiwa na pipa la maji ya kwanza. Maji ya mvua chemsheni au wekeni klorini.

Moshi: Sisi maji yetu yanatoka chemchemi za Kilimanjaro, yanasifiwa sana. Tunahitaji haya yote?

Pimeni kwanza. Yakiwa chini ya 1.5, mvua yenu wekeni kwenye bustani. Kwa huku Meru kipo kituo cha serikali cha Ngurdoto kinachoshughulika na floraidi, na ndiko mkaa wa mifupa wa kuchujia maji umefanyiwa kazi.

Tengeru: Jirani yetu anauza chai na mandazi. Anachota kuliko sisi wote.

Biashara yake ni yake. Apewe ya watu wa nyumba yake, na akitaka ya biashara aongeze tangi, mumruhusu kutumia paa lililobaki. Mwambieni kikaoni, sio pembeni.

King'ori: Dada, tunapikia maji ya mvua tayari. Makande tunaweka magadi yaive haraka. Ina shida?

Ina shida kubwa. Magadi ya Ziwa Natron yana floraidi nyingi, yanarudisha sufuriani kile mlichokikimbia kisimani. Loweka mahindi na maharage usiku kucha kwa maji ya mvua, asubuhi yale maji mwagia mchicha, kisha pika bila magadi.