Jinsi ya kumpima msomi kabla hujampa madaraka

Mtu akitaka uongozi na sifa ya kwanza anayotaja ni digrii zake, usimkatae na usimpigie makofi bado, mpime kwanza. Mi huwa naanza na swali moja: mara ya mwisho ulikosea jambo kubwa ilikuwa lini na ulifanyaje? Akianza kueleza walivyokosea wenzake basi jibu ushalipata.

Chukua Angela Merkel, aliyekuwa kansela (mkuu wa serikali) wa Ujerumani, ana PhD ya kemia ya kwanta. Mwishoni mwa 2010 serikali yake iliongeza muda wa vinu vya nyuklia, Machi 2011 ikatokea ajali ya kituo cha nyuklia cha Fukushima kule Japani, ndani ya siku chache akageuka na vinu vya zamani vikazimwa. Kama alifanya vizuri au vibaya watu wanabishana mpaka leo, ila mama hakung'ang'ania karatasi yake ya jana.

Cha pili, na hapa ndo wasomi wengi wanaangukia pua, angalia anavyopatana na watu anaowaona hawajui kitu. Woodrow Wilson, rais pekee wa Marekani aliyekuwa na PhD, profesa kabisa, 1919 karudi kutoka Paris na mkataba wa amani wa Vita Kuu ya Kwanza wenye Shirikisho la Mataifa (chombo cha nchi nyingi cha kulinda amani) ndani yake, Seneti ikataka kuongeza masharti, jamaa akagoma, akapanda treni kuzunguka nchi akihutubia mpaka akaugua, mwisho akawaambia maseneta wa chama chake mwenyewe wapige hapana kuliko kukubali yale masharti. Mkataba ukaanguka 1919, ukaanguka tena 1920, na Marekani haikuingia kabisa kwenye kitu alichokihangaikia yeye.

Kwahiyo kaa nae kikao kimoja. Niliwahi kuwa kwenye kamati ya daktari mmoja wa falsafa, kichwa kweli kweli, nusu saa nzima tunabishana kama muhtasari useme "walikubali" au "walikubaliana", bajeti ikapita dakika tano za mwisho watu wameshabeba mikoba.

Tatu, uliza nani ataweza kumwambia hapana. Salazar wa Ureno alikuwa profesa wa uchumi, hesabu za serikali alizinyoosha, halafu akakaa waziri mkuu toka 1932 hadi 1968 na polisi wa siri juu.

Ila usije ukaruka upande wa pili eti asiyesoma ndo bora. Abraham Lincoln, rais mwingine wa Marekani, darasani hakufikisha hata mwaka mzima ukijumlisha vyote, lakini alisoma mwenyewe usiku na mchana, na kwenye baraza lake la mawaziri akawaweka wapinzani wake (sijui wangapi kati yetu tungeweza hilo).

Bado una wasiwasi? Mpe kazi ndogo yenye tarehe ya mwisho, mpangie watu watano wasiompenda, miezi mitatu ikiisha kawaulize hao watano, sio yeye.