Jinsi ya kukagua picha ya vita iliyoinuliwa na kiongozi

Tarehe 21 Mei 2025, ndani ya Ikulu ya Marekani, Donald Trump alimwonyesha Rais wa Afrika Kusini, Cyril Ramaphosa, karatasi yenye picha ya watu wakibeba mifuko ya maiti, akasema hao ni wakulima wazungu wa Afrika Kusini wanaozikwa. Mimi nimekulia mtaa wa Birere, mjini Goma, mashariki mwa Kongo. Ile picha ilikuwa ya kwetu. Tangu siku hiyo nawafundisha wadogo zangu, walio hapa Nairobi na walio nyumbani, kukagua picha kabla ya kuisambaza. Tunafanya hivi.

Kwanza tenganisha picha na maneno ya aliyeishika. Andika dai lake kwa sentensi moja: nani kafa, wapi, lini, kauawa na nani. Ukishaandika utaona kwamba picha yenyewe haijajibu hata moja. Inaonyesha mifuko na watu wanaoibeba, basi.

Halafu ikate. Kama iko kwenye karatasi au imewekewa kichwa cha habari, ondoa maandishi yote ubakize picha tupu. Iingize kwenye zana za kutafuta picha mtandaoni: Google Lens, kisha TinEye, ambayo inaweza kukupangia matokeo kuanzia la zamani zaidi. Usiridhike na tokeo la juu. Unatafuta ilipoonekana mara ya kwanza, hata kama hapo haikutazamwa na wengi.

Kazi kubwa ni kufuata nyayo. Karatasi ya Trump ilitoka kwenye makala ya American Thinker, jarida la mtandaoni la Marekani, iliyozungumzia Afrika Kusini na Kongo kwa pamoja. Picha haikuwa na maelezo, ila ilionyeshwa kuwa imekatwa YouTube na kiungo kikawekwa. Kiungo kinakufikisha kwenye ripoti ya WION, televisheni ya India, kuhusu Kongo. Ripoti inawataja Reuters, shirika la habari. Na Reuters wana video yenyewe: ni ya Goma, ilichapishwa 3 Februari 2025, baada ya mapigano na waasi wa M23. Hatua chache tu, na mtu yeyote pale Ikulu angeweza kuzifuata. Aliyeirekodi, Djaffar Al Katanty, alilazimika kuzungumza na M23 na kupatana na Msalaba Mwekundu ndipo aweze kuingia na kamera.

Kuna pia picha ya kweli iliyovishwa maana nyingine. Siku ileile ilionyeshwa video ya misalaba myeupe kando ya barabara, Trump akasema ni makaburi. Misalaba hiyo ilisimikwa mwaka 2020 karibu na Newcastle, KwaZulu-Natal, kwa kumbukumbu, baada ya mume na mke kuuawa shambani kwao. Hakuna aliyezikwa pale. Mauaji yalitokea, makaburi hayapo: andika yote mawili, usiache moja kwa sababu ya jingine.

Sasa geukia vyombo vya habari. Chukua habari tatu kuhusu picha hiyohiyo, uhesabu aya zinazomhusu kiongozi na aya zinazowahusu waliomo kwenye mifuko. Vichwa nilivyosoma mimi wiki ile vilimshika Trump na kosa lake. Goma ikabaki jina la mahali. Hilo liliniuma kuliko kosa lenyewe. Mwanzoni mwa Februari, Umoja wa Mataifa ulisema maiti 2,000 zilikwisha kuokotwa mitaani Goma, na nyingine 900 zilikuwa bado kwenye vyumba vya maiti. Ukikuta wafu hawana habari yao, itafute kwa waliokuwa karibu. Mimi huanzia Radio Okapi, redio ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo. Angalia na vitenzi: wa upande huu “wameuawa”, wa upande ule “wamepoteza maisha”, kana kwamba risasi haikuwa na mwenyewe.

Ukimaliza, usiifute picha ukanyamaza. Irudishe kwenye makundi yote ilikopita, safari hii ikiwa na maelezo yake. Sisi tuliandika hivi: “Goma, Kongo. Wafanyakazi wa misaada wanabeba maiti za watu wa Goma baada ya mapigano na M23. Video: Reuters, ilichapishwa 3 Februari 2025.”