Kusaka hitilafu katika programu ya C++ iliyokompailiwa kuwa WebAssembly

Programu ya C++ ikikompailiwa kuwa WebAssembly (msimbo wa mashine unaoendeshwa ndani ya kivinjari) kwa mpangilio wa kawaida, hufika kwenye kivinjari ikiwa imevuliwa majina ya vigeu vyake na namba za mistari yake. Inapoanguka, konsoli hutoa ujumbe mkavu kama "memory access out of bounds" au "unreachable", ukifuatwa na msururu wa funksheni zinazotambulishwa kwa namba tu. Kwa hiyo mafanikio ya msakaji huamuliwa kwa sehemu kubwa wakati wa kukompaili, kabla kivinjari hakijafunguliwa. Hapa tutatumia Emscripten, kompaila ya C++ kwenda WebAssembly ambayo amri yake ni emcc, pamoja na Chrome.

Anza na amri hii, ambapo hesabu.cc ni faili ya msimbo wako:

emcc -g -O0 hesabu.cc -o hesabu.html

Alama ya -g huiagiza kompaila iandike ndani ya faili ya .wasm taarifa za DWARF zinazounganisha msimbo wa mashine na mistari na vigeu vya C++, mfumo uleule ambao zana za usakaji gdb na lldb huutumia kwa programu za Linux, na -O0 huzima uboreshaji wa msimbo. Ikiwa mradi una faili nyingi zinazokompailiwa mojamoja, -g iwekwe kwa kila faili na pia katika hatua ya mwisho ya kuziunganisha, kwani ikikosekana hapo mwishoni taarifa zote hutupwa bila onyo.

Usifungue hesabu.html moja kwa moja kutoka kwenye diski, kwa sababu kivinjari hakitakubali kuipakia faili ya .wasm kwa njia hiyo. Washa seva ndogo ndani ya folda hiyo kwa amri ya python3 -m http.server 8000, kisha fungua http://localhost:8000/hesabu.html.

Sasa sakinisha kiendelezi cha Chrome kiitwacho C/C++ DevTools Support (DWARF), bonyeza F12, uende kwenye kichupo cha Sources na kuitafuta hesabu.cc kwa Ctrl+P. Bofya namba ya mstari unaoutilia shaka, kisha upakie ukurasa upya. Programu itasimama pale pale, na sehemu ya Scope itakuonyesha vigeu kwa aina zake za C++, ikiwemo std::string. F10 hukupeleka mstari unaofuata. F11 hukuingiza ndani ya funksheni inayoitwa. Jina la faili likionekana lakini maandishi yake yasipatikane, huenda ulikompaili ndani ya kontena la Docker (mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta), ambamo njia za folda ni tofauti na za kompyuta yako. Mipangilio ya kiendelezi ina nafasi ya kuoanisha njia hizo.

Hitilafu za kumbukumbu zinahitaji uangalifu wa pekee. Kwenye Linux, kuandika kupitia pointa tupu (inayoelekeza kwenye anwani 0) huiangusha programu mara moja, lakini katika WebAssembly anwani 0 ni sehemu halali ya kumbukumbu, hivyo programu huendelea kukimbia ikiwa imeharibu data yake yenyewe, na madhara hujitokeza mbali sana na chanzo. Kwa maoni yangu, ni kupoteza muda kuyafuatilia madhara hayo mstari kwa mstari. Kompaili upya kwa kuongeza -fsanitize=address, inayokagua matumizi ya kumbukumbu programu ikikimbia, pamoja na -sALLOW_MEMORY_GROWTH, inayoruhusu kumbukumbu kuongezeka, maana ukaguzi huo hula kumbukumbu nyingi, na konsoli itataja mstari uliokosea. Ikiwa hitilafu inatokea kwenye -O2 pekee, yaani uboreshaji ukiwa wa juu, shuku kwanza tabia isiyofafanuliwa ya C++ (msimbo ambao kanuni za lugha hazisemi utafanya nini) na ujaribu -fsanitize=undefined; ukilazimika kusimamisha msimbo ulioboreshwa, tumia -O1, yaani uboreshaji mdogo, na -fno-inline, inayozuia funksheni kumezwa ndani ya nyingine, ingawa baadhi ya vigeu bado vitakosa thamani.

Taarifa za DWARF huivimbisha faili mno. Alama ya -gseparate-dwarf=hesabu.debug.wasm huzihamishia kwenye faili ya pembeni, ambayo hupakuliwa tu pale zana za usakaji zinapoihitaji.

Kwa Firefox, tumia -gsource-map, ambayo huunda ramani ya .wasm.map. Ramani hiyo huonyesha mistari ya msimbo wako, lakini thamani za vigeu vya C++ haizifafanui. Kwa toleo linalokwenda kwa watumiaji, --profiling-funcs huhifadhi majina ya funksheni peke yake, kiasi cha kutosha kwa ripoti ya mtumiaji kusomeka.